Córdoba na Mkunazini: Nani Alizibeba Kengele?

Wenzetu wengi tunaoishi Uingereza, na hata wale wanaotoka Maskati na Dubai wakati wa likizo za skuli, siku hizi hawakosi kupita Andalus. Ndege za bei nafuu zinashuka Malaga, na kutoka hapo treni ya kasi inakufikisha Córdoba, au Qurtuba kama walivyoiita Waarabu, kwa muda wa kiasi cha saa moja. Ukiingia katika nyumba zao utaiona picha ukutani: matao ya rangi nyekundu na nyeupe yaliyopandana, na mbele yake watoto wamepangwa kwa urefu. Ukiuliza safari ilikuwaje, jawabu aghlabu ni moja: tumekwenda kuuona msikiti wetu uliofanywa kanisa.

Jawabu hilo si la uongo. Jengo lile lilikuwa msikiti tangu mwaka 169 Hijria (785-786) mpaka 1236, yaani kiasi cha miaka 450. Tangu hapo ni kanisa kuu la Wakatoliki, na ukipiga hesabu utaona kwamba muda wake wa kuwa kanisa umeshaupita muda wake wa kuwa msikiti kwa zaidi ya karne tatu. Hesabu hiyo huwashangaza watu kila nikiitaja kwenye barza zetu, na wengine hawapendi kuisikia. Lakini mimi halinishughulishi sana suala la nani amekaa zaidi. Linanishughulisha neno "wetu", na vitu tunavyoviacha nje ya mlango kila tunapolitamka.

Tuanze na aliyeujenga. Abdulrahman bin Muawiya bin Hisham alikuwa kijana wa Bani Umayya aliyenusurika pale Bani Abbas walipowaua jamaa zake mwaka 750. Alikimbia Sham, akapita Misri, akafika Maghribi kwa Waberberi ambao ni watu wa mama yake, na mwaka 756 akaishika Córdoba. Sham hakurudi tena. Shamba lake nje ya mji aliliita Rusafa, jina la mahali pa babu yake Hisham huko Sham, na anasimuliwa kuwa alitunga beti kuhusu mtende aliouona huko, mgeni katika nchi ya ugenini kama yeye. Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa hisia hiyo. Baadhi yetu tuna kibao chenye jina la mtaa wa Unguja kimetundikwa juu ya mlango wa nyumba ambayo nje yake kunanyesha theluji.

Kuna uzi mwingine unaomfikisha mtu huyu pwani yetu. Khabari za Pate zinaanza kwa kusema kwamba Abdulmalik bin Marwan, khalifa wa Bani Umayya, alipeleka watu wa Sham wakajenge miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 77 Hijria. Abdulrahman wa Córdoba ni kitukuu cha Abdulmalik huyo huyo. Wanahistoria hawaichukulii khabari hiyo kama ushahidi wa kilichotokea. Wanaichukulia kama ushahidi wa namna wazee wa Pate walivyopenda kujieleza. Kwa upande wa Waibadhi kuna kiungo kilicho madhubuti zaidi: dola ya Bani Rustam ya Tahert, katika Algeria ya leo, ambayo ilikuwa ya Kiibadhi, ilikuwa na uhusiano wa karibu na Bani Umayya wa Córdoba mpaka Mafatimiya walipoivunja Tahert mwaka 909. Kwa hiyo anayesema "wetu" hakutunga kila kitu. Ana nyuzi mkononi, ila nyuzi ni nyembamba, na wengi wetu tunaning'iniza juu yake mzigo mkubwa kuliko zinavyostahamili.

Jengo lenyewe ni kubwa kupita picha. Waliomfuata Abdulrahman waliliongeza mara tatu: Abdulrahman wa pili katika karne ya 9, al-Hakam wa pili katika miaka ya 960, na mwisho Ibn Abi Amir, waziri aliyejiita al-Mansur, mwaka 987 na iliyofuata. Nguzo zilizobaki ni 856. Nyingi za mwanzo zilitolewa katika majengo ya Warumi na ya Wagothi yaliyokuwa yameanguka, ndiyo maana hazilingani urefu wala rangi. Mafundi wakalitatua tatizo la urefu kwa kuweka matao mawili, moja juu ya jingine, ili dari inyanyuke. Hilo pekee ni jambo la kusimama na kulitazama kwa nusu saa. Halafu mihrabu ya al-Hakam, yenye nakshi za vipande vya kioo vya rangi na dhahabu, ambayo anayeijua misikiti yetu ya Kilwa na Gedi, ya mawe ya matumbawe na chokaa, ataiona kama ya dunia nyingine. Na katikati ya yote haya, ukigeuka tu, kuna kanisa zima limesimama ndani ya msikiti, lenye paa refu jeupe, viti vya waimbaji vya mti wa mkangazi, na madhabahu ya marumaru nyekundu.

Sasa masimulizi. Kuna namna mbili za kulieleza jengo hili, na zote mbili zina wafuasi wao.

Ya kwanza ni ya Kanisa. Vipeperushi walivyopewa wageni kwa miaka mingi vilianza na basilika ya San Vicente, ambayo vipande vya sakafu ya zama zake vinaoneshwa chini ya kioo karibu na mlango, vikapita haraka kwenye karne nne na nusu za Waislamu kana kwamba ni jambo lililoingia kati, kisha vikafika 1236 na kupumzika. Kama chini ya msikiti kulikuwa na kanisa la ukubwa gani, au kanisa lenyewe lilikuwapo pale hasa, waakiolojia bado wanabishana. Neno msikiti liliondolewa kwenye tikiti na vipeperushi, likabaki kanisa kuu peke yake. Mwaka 2006 dayosisi ililiandikisha jengo kwa jina lake katika daftari la milki kwa ada ya euro 30, na khabari hiyo ilipoenea ikawa mzozo mkubwa nchini Hispania. Mwaka 2014 malaki ya watu walitia saini kulalamika, wengi wao wakiwa wakaazi wa Hispania wasio Waislamu. Jina la Msikiti-Kanisa Kuu likarudishwa kwenye tikiti mwaka 2016. Shirika la UNESCO lilikuwa limeshauandikisha katika Urithi wa Dunia mwaka 1984 kwa jina la Msikiti wa Córdoba.

Simulizi hiyo ina kasoro iliyo wazi, nayo ni kwamba macho ya mgeni yanaikanusha. Huwezi kumwambia mtu aliyesimama chini ya nguzo 856 kwamba anachokiona ni nyongeza.

Lakini uadilifu unataka tuseme na upande wa pili wa hilo. Mwaka 1523, Askofu Alonso Manrique alipotaka kubomoa sehemu ya katikati ili ajenge kanisa jipya, waliosimama kumpinga walikuwa Wakristo. Baraza la mji wa Córdoba lilitoa amri ya kifo kwa fundi yeyote atakayeshiriki katika kubomoa. Askofu akapeleka shauri kwa Mfalme Carlos wa tano, naye mfalme akampa haki askofu. Inasimuliwa kwamba baadaye alipokuja kuona kilichofanyika alijuta, akasema wameharibu kitu cha pekee ili wajenge kitu kinachopatikana popote. Maneno hayo huenda yaliwekwa mdomoni mwake baadaye. Amri ya baraza la mji haikuwekwa. Na miji mingine mikubwa ya Andalus ni ushahidi wa kutosha: msikiti mkuu wa Seville ulibomolewa, ukabaki ua na mnara, wa Granada hukuti kitu juu ya ardhi. Huu wa Córdoba umebaki kwa sababu kuna watu walioufanya kanisa bila ya kuuvunja wote, na kuna wengine waliopigania usivunjwe zaidi. Katika mihadhara yetu ya ughaibuni watu wa baraza lile la mji sijawahi kusikia wakitajwa.

Simulizi ya pili ndiyo yetu, na ndiyo ninayotaka kuihakiki kwa urefu zaidi, kwa kuwa ile ya kwanza ina wahakiki wengi. Simulizi yetu ni ya maombolezo. Andalus ilikuwa bustani, ikaporwa. Humo mulikuwa na elimu, mabafu, maktaba ya al-Hakam, taa za barabarani, Wayahudi na Wakristo wakiishi kwa amani. Kisha wakaja watu wa misalaba wakazima taa. Muhammad Iqbal alikwenda huko mwaka 1933, akaswali ndani yake, akatunga kasida yake ya Kiurdu kuhusu msikiti huo, na tangu hapo kila Mwislamu mwenye kalamu anayefika anaona ni lazima na yeye alie kidogo. Siku hizi kuswali hakuruhusiwi. Walinzi hutembea karibu na mihrabu wakiangalia nani anainama. Mwaka 2010 kundi la Waislamu kutoka Austria lilijaribu kuswali ndani, kukatokea mapigano na walinzi, na wawili wakakamatwa. Naelewa uchungu wake. Sipendi namna uchungu huo unavyofanywa kuwa ndiyo historia yote.

Tizama kengele. Mwaka 997 al-Mansur alivamia Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi ya Hispania, mji ambao Wakristo wa Ulaya nzima walikuwa wakiuhiji. Aliuchoma, akaliacha kaburi la mtakatifu wao salama, akazichukua kengele za kanisa. Waandishi wa zama zile wanasema zilibebwa mpaka Córdoba kwenye mabega ya mateka Wakristo, na msikitini zikageuzwa taa. Baada ya miaka 239, Mfalme Fernando wa tatu alipoiteka Córdoba, akaamrisha kengele zirudishwe Santiago, na safari hii zikabebwa kwenye mabega ya mateka Waislamu.

Kila upande unaisimulia nusu moja ya kisa hiki. Wenyeji wa Hispania wanapenda nusu ya pili, sisi tunapenda ya kwanza, na nimemsikia mtu mzima mwenye heshima zake akiisimulia nusu hiyo mbele ya watoto kwa kicheko, kana kwamba ni mchezo wa mpira tumeshinda ugenini. Kutoka Santiago mpaka Córdoba ni safari ya wiki nyingi kwa miguu. Kengele ya kanisa ni shaba tupu. Hakuna aliyeandika wabebaji walikuwa wangapi, wala wangapi walifika.

Ukishaanza kuwatafuta watu hao, jengo linabadilika. Mwandishi Ibn Idhari anasimulia kwamba al-Hakam alimtaka mfalme wa Rumi, yaani wa Konstantinopoli, ampelekee fundi wa nakshi, naye akampeleka pamoja na vipande vya kioo vya uzito wa kintari 320. Al-Hakam akawaweka watumwa wake wajifunze kwa fundi yule, na wao wakamshinda kwa ustadi. Fundi akarudi kwao na kazi wakaimaliza wenyewe. Basi ile mihrabu tunayopiga nayo picha, mikono iliyoipamba ni ya watumwa. Maandishi ya Kikufi yaliyoko hapo yanamtaja msimamizi wa kazi, Jaafar bin Abdulrahman, naye alikuwa mtumwa wa khalifa aliyepewa uhuru na kufikishwa uwaziri. Na chini zaidi, kwenye marumaru na vichwa vya nguzo, wachonga mawe walitia majina yao. Nakala za alama hizo za plasta zimewekwa katika kabati la kioo ndani ya jengo, mahali ambapo watembeza wageni wengi hawasimami. Majina ni kama Fath, Nasr, Badr. Jina moja, basi.

Msomaji aliyekulia Unguja au Mombasa anajua maana ya jina lisilokuwa na "bin". Kwenye daftari za zamani, kwenye hati za mashamba na za kuacha huru, Mubaraka ni Mubaraka, Feruzi ni Feruzi. Wenye baba na babu walikuwa wengine. Sisemi kwamba kila mchonga mawe wa Córdoba aliyesaini kwa jina moja alikuwa mtumwa, maana fundi huru naye huweza kufupisha. Lakini wengi walikuwa watu wa nyumba ya khalifa, na sehemu kubwa ya watu wa nyumba ile walikuwa Saqaliba, watumwa waliotolewa kwenye nchi za Waslavi na Ulaya ya kaskazini, wengine wakihasiwa njiani, wakauzwa Andalus. Majina mazuri walipewa na wenyewe waliowanunua. Tabia hii sisi hatuhitaji kusafiri kwenda Hispania kuijua.

Baada ya 1236 mambo yakageuka kwa umbo lile lile. Mwaka 1263 Mfalme Alfonso wa kumi aliamuru kwamba mafundi Waislamu waliobaki Córdoba wafanye kazi ya kulitengeneza kanisa kuu siku mbili kila mwaka. Kanisa dogo la kifalme lililomalizwa 1371 lina nakshi za plasta ambazo mtu akioneshwa bila kuambiwa ataapa ni za Granada. Ni kazi ya mafundi wa mila ya Kiislamu, wameifanya kwa ajili ya mfalme wa Kikristo. Simulizi ya Kanisa inaiita nakshi hiyo ushahidi wa kuishi pamoja. Yetu haiitaji kabisa, kwa kuwa inaharibu tarehe: kwetu sanaa ilikwisha 1236.

Hapa ndipo nataka kuvuka bahari, na naomba msomaji asinikasirikie kabla ya kufika mwisho. Tunalo kanisa kuu letu la kihistoria, Kanisa la Kristo, Mkunazini, Unguja Mjini. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, manowari za Waingereza zikiwa hazipo mbali. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo wamisheni wa Kiangilikana waliweka jiwe la msingi la kanisa pale pale penye soko. Askofu Edward Steere, aliyekuwa bingwa wa lugha yetu kuliko Waswahili wengi wa leo, alisimamia ujenzi, akafa 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Inasimuliwa kuwa madhabahu imewekwa mahali ulipokuwa mti wa kuwafungia watumwa na kuwapiga. Saa ya mnarani ilitolewa na Sayyid Barghash mwenyewe. Nje kuna shimo lenye sanamu tano za watu waliofungwa minyororo, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998.

Wageni wanaotembelea Zanzibar huenda Mkunazini kama sisi tunavyokwenda Córdoba. Na familia zetu zinazorudi Unguja kwa likizo kutoka Maskati na London, wangapi wanawapeleka watoto pale? Nimeuliza swali hili kwa watu wengi. Forodhani wanakwenda, Beit al-Ajaib wanakwenda kuitazama kutoka nje, Maruhubi wanakwenda kwenye magofu ya kasri. Mkunazini, wachache mno.

Sababu ipo, na si ndogo. Kisa cha soko lile kimetumiwa kama silaha dhidi yetu. Kwa miaka mingi kilisimuliwa kana kwamba biashara ya watumwa ilikuwa na Mwarabu tu mwenye bakora na Mzungu tu mwenye ufunguo. Mashamba ya sukari ya Wafaransa huko Mauritius na Réunion yaliyonunua watu kutoka Kilwa hayakutajwa, wala fedha za wafanyabiashara wa Kihindi, wala meno ya ndovu yaliyokuwa yakipelekwa Marekani na Ulaya kufanyiwa vibonyezo vya piano. Katika siasa zilizotangulia Januari 1964 kisa hicho kilirudiwa majukwaani, na kilichofuata kila familia inayolisoma jarida hili inakijua bila ya kusimuliwa. Hata leo watembeza wageni huwashusha watalii katika vyumba vya chini karibu na kanisa wakawaambia ndimo walimofungiwa watumwa, ilhali wanahistoria wameeleza kwamba jengo lililo juu ya vyumba vile lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa. Mtu anayeuhakiki utembezaji huo ana haki, kwa sababu ile ile inayomfanya mtu ahakiki kipeperushi cha Córdoba.

Lakini uhakiki wa vyumba haulifuti soko. Soko lilikuwapo. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ilipandwa na kuchumwa na watu walionunuliwa, na Profesa Abdul Sheriff katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu ameeleza kwa kina namna uchumi wa mashamba ulivyojengwa juu yao. Kufungwa kwa soko 1873 hakukuwaacha huru waliokwisha kununuliwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, na masuria walisubiri mpaka 1909. Katika nyumba nyingi za ukoo wetu yupo bibi mkubwa ambaye jina lake moja tu ndilo linalokumbukwa. Tunamtaja kwa mapenzi, tunasifu mapishi yake na nyimbo zake, na tukiulizwa alitoka wapi tunasema "bara", kisha tunageuza mazungumzo.

Basi nina haki gani ya kulikasirikia baraza la mapadri wa Córdoba kwa kulifuta neno msikiti kwenye tikiti, ikiwa katika shajara ya nasaba niliyoitundika sebuleni bibi huyo hana tawi? Swali hili halinihusu mimi peke yangu. Jarida hili limejitwika kazi ya kuhifadhi historia ya Waswahili na Waarabu wa pwani, na nasaba ni katika mambo tunayoyachapisha kwa wingi. Tukizisoma nasaba zetu kwa jicho tunalolisomea kipeperushi cha Córdoba, tutaona kasoro ile ile: tarehe za wenye jengo zimo zote, za waliolibeba hazimo.

Najua patakuwa na atakayesema kwamba kuulinganisha msikiti uliofanywa kanisa na soko la watumwa lililofanywa kanisa ni kuvunjia heshima msikiti. Silinganishi ubora wa mahali. Nalinganisha namna mahali panavyosimuliwa. Waliolijenga kanisa la Mkunazini walitaka jambo moja na waliolijenga kanisa la Córdoba walitaka jambo jingine, lakini wote walijua kuwa anayekuja kusimama hapo atasikia kilichokuwapo chini, na wote walijaribu kumwambia asikie nini. Steere alitaka soko likumbukwe, kwa kuwa kumbukumbu hiyo ilikuwa ushindi wa misheni yake. Manrique alitaka msikiti usahaulike. Sisi tumechukua nafasi ya Steere huko Córdoba na nafasi ya Manrique huko Mkunazini.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu vya watalii havina, nami nalitaja kwa kuwa linamhusu kila mtu wa Mombasa. Mnara wa kengele wa Córdoba wa leo ulianza kujengwa 1593, ukiufunika mnara wa adhana wa Abdulrahman wa tatu, ambao masalio yake yamo ndani yake mpaka sasa kama kokwa ndani ya embe. Mwaka huo huo wa 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa. Wakati ule taji la Hispania na la Ureno lilikuwa juu ya kichwa kimoja, cha Mfalme Felipe wa pili. Kwa hiyo mawe ya kuuvika mnara wa Qurtuba na mawe ya kuikalia Mvita yaliwekwa chini ya mfalme mmoja, katika mwaka mmoja. Ngome ile ilitekwa na Waomani mwaka 1698, nayo ikatumika kwa kazi zake, na baadaye Waingereza wakaifanya gereza. Hakuna anayeiomboleza kwa upande wowote. Ni jumba la makumbusho, watu wanaingia wakasoma vibao wakatoka, na sijasikia ugomvi kuhusu nani aseme "yangu". Pengine ni kwa sababu hakuna aliyewahi kupasujudia.

Kwa anayepanga safari: saa za asubuhi kabla ya makundi kuingia ndizo nzuri, mwanga unapita kwa pembeni na nguzo zinaonekana safu kwa safu. Usiende moja kwa moja kwenye mihrabu. Waonesheni watoto kwanza lile kabati la alama za wachonga mawe, na muwaachie wasome wenyewe, maana wengi wao wamepita madrasa na Kikufi si kigumu kama kinavyoonekana ukishaipata herufi ya kwanza. Kisha watafute majina hayo hayo kwenye nguzo zenyewe, katika sehemu ya al-Hakam, upande wa kibla. Yapo kwenye urefu wa macho ya mtu mzima, na mengine chini zaidi, pale anapofika mtoto. Na mkiwa Unguja mwakani, Mkunazini ni mwendo wa dakika chache kutoka Darajani.